Kichanga Kimefika, na Yule Aliyeshuka Mgongoni?

Kichanga kinapozaliwa, nyumba hujaa wageni. Huja na leso, sabuni, sukari, pengine na kuku wa mama mzazi. Kila mmoja humshika mtoto na kusema amefanana na nani. Mlangoni husimama mwingine, wa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili, ambaye hadi juzi yeye ndiye aliyekuwa akibebwa mgongoni. Wageni humpita. Anayemkumbuka humtania: "Wewe basi tena, mama amepata mtoto mwingine." Watu wazima hucheka. Yeye hacheki.

Somo la toleo hili linamhusu huyo. Kuhusu kichanga, wakaazi wa Kilifi wamekwisha kuelezwa mengi kliniki, na wengi wanajua kwamba kinanyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Kuhusu aliyemtangulia husemwa machache, ilhali miezi inayofuata baada ya mdogo wake kuzaliwa ni kati ya nyakati ngumu zaidi za maisha yake, kwa moyo na kwa mwili.

Ugonjwa uliopewa jina lake

Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi katika koloni ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alipokea watoto wadogo waliovimba miguu, ngozi ikibambuka, nywele zikibadilika rangi, na wengi wao walifariki. Aliwaeleza kwa maandishi mwaka 1933, na mwaka 1935, katika jarida la Lancet, akatumia jina walilotumia Waga wa huko: kwashiorkor. Aliambiwa kuwa ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulifanya kwashakoo. Kwa hivyo, kabla daktari hajaandika, wazazi wa Kiga walikuwa wameshaona ni mtoto yupi anayeumia na ni wakati gani.

Pwani yetu pia iliona. Waswahili husema mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi walikutana kimwili kabla hajaacha ziwa. Wamijikenda wana neno chirwa, na wengi huhusisha hali hiyo na wazazi kuvunja miiko ya ndoa. Imani hizi ziliona jambo moja la kweli: mimba inayokuja haraka humweka hatarini mtoto aliye mkononi. Zinapokosea ni katika chanzo, na kosa hilo lina gharama. Mama anayeogopa kuambiwa alitoka nje ya ndoa humficha mtoto ndani, na anapofika hospitalini mtoto ameshazidiwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba nayo haiyageuzi kuwa sumu.

Kinachomwangusha mtoto huyu hupatikana kwenye sahani yake. Mama akijua ana mimba, ziwa hukatwa siku moja, wakati mwingine kwa kupakwa pilipili au shubiri. Mtoto aliyekuwa akipata maziwa mchana na usiku sasa anapata uji mweupe wa mahindi asubuhi, sima na mchuzi mchana, na chai ya rangi jioni. Anakula sinia moja na kaka na dada zake wenye mikono mikubwa na wepesi, naye ndiye anayejifunza kutafuna. Tumbo lake ni dogo, hushiba haraka kwa uji mwepesi ambao zaidi ni maji, kisha njaa humrudia baada ya saa mbili. Akihara, akiugua surua au malaria katika kipindi hicho, anakuwa hana akiba ya kupigania. Na mtu ambaye angegundua mapema kwamba hali vizuri, yaani mama, yuko kitandani na kichanga au amechoka mno kuona.

Kwashakoo hudanganya macho. Mtoto aliyekonda kila mtu humwona, lakini huyu uso wake huwa wa duara na miguu minene, na jirani anaweza kusifu kwamba amenona. Mzazi abonyeze kwa kidole gumba juu ya nyayo za miguu yote miwili kwa sekunde chache. Kikibaki kishimo, uvimbe huo si unene, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni nywele kuwa nyekundu na kunyonyoka, ngozi kubambuka, na mtoto kukosa hamu ya kucheza. Hukaa tu, mnyonge, akilia ukimgusa. Asirundikiwe chakula kingi nyumbani kwa haraka ya kumrudisha, kwa sababu mwili uliodhoofika kiasi hicho unaweza kushindwa ghafla. Matibabu yake hufuata hatua. Akipewa pakiti za chakula maalumu cha karanga, hizo ni dawa yake. Ndugu zake wasigawiwe, wala zisiuzwe.

Kabla ya kufika huko kuna kipimo rahisi: utepe wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama. Manjano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Kipimo hiki huchukua muda mfupi kuliko kumvua mtoto shati, na wahudumu wa afya ya jamii hukitumia wanapotembelea nyumba. Mhudumu akija kumwona kichanga, mzazi ana haki ya kusema: mpime na huyu.

Ziwa lisikatwe kwa ghafla

Kwa mama mwenye afya na mimba isiyo na tatizo, kuendelea kumnyonyesha mtoto aliyepo hakuna madhara, mradi mama mwenyewe anakula zaidi ya alivyozoea. Aliyewahi kujifungua kabla ya miezi kutimia, anayetokwa na damu au anayepata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka azungumze na muuguzi kwanza. Anayeamua kumwachisha afanye hivyo kwa wiki kadhaa, akiondoa nyonyo moja baada ya nyingine na kuweka chakula mahali pake. Ile ya usiku huwa ya mwisho kuondoka, na ndiyo ngumu zaidi.

Mdogo akizaliwa wakati mkubwa bado ananyonya, wote wawili wanaweza kuendelea. Kichanga kinyonye kwanza, hasa siku za mwanzo, ili kipate maziwa yale mazito ya manjano. Mkubwa ana chakula kingine, kichanga hakina.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na katikati apewe kitu cha kutafuna mara moja au mbili. Jambo moja ambalo halina gharama yoyote ni kumpakulia kwenye sahani yake mwenyewe na mtu mmoja akae naye hadi amalize. Mzazi akiona kilichobaki ndipo atajua kilicholiwa. Kwenye sinia la pamoja hilo haliwezekani.

Chakula chenyewe kipo. Pojo, kunde na mbaazi zilizopondwa vizuri. Dagaa waliokaushwa, wakasagwa na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi. Yai moja, pale ambapo kuku wanataga na mayai yote yanapelekwa dukani. Mchicha, mnavu, majani ya kunde na mtsunga, kukiwa na mafuta kidogo. Embe na papai wakati wake. Tui la nazi lina mafuta mazuri yanayomtia mtoto nguvu, lakini si maziwa, na wali wa nazi peke yake haumjengi mwili bila maharagwe au samaki pembeni. Uji uwe mzito, usiomwagika upesi kutoka kijikoni, na karanga zilizosagwa laini ziongezwe humo. Chai ya rangi pamoja na chakula humnyima mtoto madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka, kwa hiyo chai isubiri, au isiwepo kabisa.

Wivu si utovu wa adabu

Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akisema maneno kumi hubaki kulia. Huomba ziwa, huomba kubebwa, humfinya kichanga au humng'ata kidole mgeni akiwepo. Baadhi hukataa chakula, na hapo moyo na mwili hukutana: yule yule aliye katika hatari ya utapiamlo ndiye anayegoma kula.

Watu wazima huyaita haya ukaidi, na dawa yake huwa kofi na maneno "wewe mkubwa sasa." Mtoto wa miaka miwili si mkubwa. Alichokiona ni kwamba mama alitoweka siku moja au mbili, kisha akarudi na mtu ambaye hamwachi. Hana maneno ya kueleza hilo, ndiyo maana anakojoa.

Mengi yanaweza kutayarishwa mapema. Kama atahamishwa kutoka kitanda cha mama, ahamishwe miezi miwili au mitatu kabla, akalale na mtu anayemzoea na chini ya chandarua. Asihamishwe usiku ule kichanga kinapoingia, maana ataunganisha mambo hayo mawili maisha yake ya utotoni yote. Kama atapelekwa kwa bibi, mama aende naye mara ya kwanza wakae siku mbili tatu, na kitabu chake cha kliniki kiende pamoja na nguo zake. Bibi wengi hulea vizuri kuliko wazazi, lakini bibi asiyejua tarehe ya chanjo hawezi kuikumbuka.

Katika zile siku 40 ambazo mama hupumzishwa ndani, mkubwa huzuiliwa mlangoni ili asisumbue. Ingekuwa bora aruhusiwe kuingia. Aoshwe mikono, akae kitandani, aguse miguu ya mdogo wake badala ya uso. Kama ana mafua au kikohozi, akae na mama upande wa mgongoni na asikaribie pua ya kichanga. Mama akinyonyesha, mkono wake mmoja huwa huru, na mtoto anaweza kuegemea hapo huku akisimuliwa hadithi ya sungura. Dakika kumi za namna hiyo kila siku, bila simu na bila mgeni, hufanya kazi kubwa kuliko peremende.

Apewe kazi ndogo anayoiweza: kuleta nepi, kushika ncha ya leso, kumwimbia mdogo. Hata hivyo asiachwe peke yake na kichanga hata kidogo, kwani anaweza kumlisha karanga kwa upendo. Na dada wa miaka saba au minane asigeuzwe yaya. Anaweza kusaidia baada ya shule, lakini kichanga kisiwe sababu ya jina lake kukosekana kwenye rejista ya darasa.

Utani wa wageni nao ukomeshwe. Mwenye nyumba anaweza kuujibu kwa upole mbele ya mtoto mwenyewe: "Huyu ni wangu na yule ni wangu." Mgeni anayeleta zawadi anaweza kumletea mkubwa ndizi moja na kumwamkua kabla ya kuingia ndani.

Baba yuko wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2, pia kwa mshahara kamili. Kwa dereva wa bodaboda, mvuvi au mfanyakazi wa kibarua, likizo hiyo haipo, na siku isiyo na kazi ni siku isiyo na unga. Lakini hata anayetoka alfajiri na kurudi jioni ana jioni. Kichanga hakiwezi kunyonya kwa baba. Mkubwa anaweza kuogeshwa, kulishwa na kulazwa naye. Mtoto akiondolewa mikononi mwa mama lakini akapokelewa na baba, pigo hupungua nusu. Baadhi ya wanaume huona haya kuonekana na sahani ya mtoto barazani. Haya hiyo huisha baada ya siku chache.

Baba pia ndiye mara nyingi wa kwanza kuona kwamba mama amebadilika. Machozi na uchovu katika siku kumi na nne za kwanza huwapata wengi na hupita. Huzuni inayoendelea zaidi ya wiki 2, kukosa usingizi hata kichanga kikilala, kutotaka kumshika mtoto au kusema afadhali afe, huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kituo cha afya. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, aende siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Asiambiwe amekosa shukrani.

Jiko, ndoo na chupa ya soda

Nyumba yenye mzazi mpya ina maji ya moto muda mwingi kuliko kawaida: ya kumkanda mama, ya kuoshea, ya chai ya wageni. Mtoto wa miaka miwili asiyetazamwa na mtu huyafuata. Sufuria iwekwe mahali asipofika, mafiga yazungushiwe kizuizi, na beseni la maji ya moto lisiwekwe sakafuni hata kwa dakika moja. Wakati wa kuchanganya maji, baridi yatangulie.

Akiungua, mahali hapo pamwagiliwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visitumike, kwa sababu huziba joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda.

Mtoto anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo, akiinama kichwa mbele na kushindwa kujiinua. Ndoo na madumu yafunikwe. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda huonekana kama soda. Mtoto akiyanywa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kwani yakiingia mapafuni ndipo hatari inapokuwa kubwa, akimbizwe hospitalini.

Vitabu viwili vya kliniki

Kichanga huchanjwa BCG na polio kinapozaliwa, kisha hurudi kikiwa na wiki 6, 10 na 14. Tarehe hizo huandikwa na kukumbukwa. Kinachosahaulika ni za mkubwa, ambazo mara nyingi huangukia wakati huo huo: chanjo ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18, matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5, na dawa ya minyoo. Chanjo hizi ni za bure katika vituo vya umma. Mama anayekwenda na kichanga siku ya wiki ya 6 abebe vitabu vyote viwili na aende na watoto wote wawili. Mkubwa apimwe uzito siku hiyo.

Kuna dalili za kichanga zisizosubiri tarehe: kukataa kunyonya, joto kali au mwili kuwa baridi, kupumua kwa kasi au kwa kuvuta mbavu, degedege, nyayo na viganja kuwa vya manjano, kitovu kutoa usaha au kuwa chekundu pembezoni. Hapo ni kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Kitovu kisipakwe majivu, mavi ya ng'ombe wala mate.

Katika ziara hiyo hiyo wazazi waulizie kupanga uzazi. Shirika la Afya Duniani hushauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kunyonyesha pekee huzuia mimba pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: kichanga hakijafika miezi 6, kinanyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, njia nyingine inahitajika siku hiyo. Wapo watoto walioshushwa mgongoni mapema kwa sababu wazazi wao waliamini masharti mawili yanatosha.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kusajiliwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa umechelewa na huhitaji nyaraka zaidi. Mtoto aliyezaliwa hospitalini huandikiwa taarifa hapo hapo, na aliyezaliwa nyumbani huripotiwa kwa naibu chifu. Mzazi anayefuatilia cheti cha kichanga aulize siku hiyo hiyo kama cha mkubwa kilishachukuliwa. Shule itakiulizia chake kwanza.